Kuchonga mhusika na kumvisha kanzu kwenye Blender: mwongozo kamili

Ukitaka kumpima mtu kama anajua kuchonga nguo kwenye kompyuta, mpe kanzu nyeupe. Haina maua wala mistari ya kufichia kosa. Kinachoonekana ni kitambaa, mwili ulio ndani yake, na mikunjo. Mikunjo ikiwekwa ovyo, mhusika anaonekana amemwagiwa plasta.

Wanaoanza wengi hushika brashi na kuchora mikunjo kama wanavyochora nywele: mstari hapa, mstari pale, mpaka uso wa nguo ujae. Kitambaa hakifanyi hivyo. Mahali fulani kimeshikwa, mahali fulani kinaning'inia, mahali fulani kimebanwa, na kila mkunjo una chanzo chake. Mwongozo huu unaanza na zana, unapita kwenye kanzu na kofia, kisha unafika kwenye kanga, ambayo inahitaji njia nyingine kabisa. Majina ya vitufe na brashi nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, usihangaike kuyatafuta.

Vifaa

Blender, programu ya kutengeneza maumbo ya 3D, hupakuliwa bure kutoka blender.org. Ni programu huria tangu 2002, na utakachotengeneza ni mali yako, uuze usiuze. ZBrush ya Maxon ndiyo iliyozoeleka kwenye studio kubwa za filamu na gemu, ila ni ya kulipia. Utakachojifunza hapa kuhusu kitambaa kitakufaa huko pia. Mwenye tableti tu anaweza kuanza na Nomad Sculpt, na sehemu za brashi na mikunjo zitamsaidia.

RAM ya GB 8 inatosha kujifunzia, 16 inakupa nafasi ya kupumua. Kuanzia toleo la 4.0, Blender kwenye Windows na Linux inadai kadi ya picha inayokubali OpenGL 4.3, kiwango cha kuchorea picha za 3D. Kama laptop yako ni ya mtumba na inagoma kuifungua, chukua toleo la 3.6, karibu kila hatua iliyo hapa inafanyika humo. Tofauti utakayoiona haraka ni kwamba tangu 4.3 brashi zimepangwa chini ya skrini, zamani zilikuwa kushoto.

Kipanya kinaweza kuchonga umbo kubwa, lakini mkunjo kitakushinda. Mkunjo wa kweli huanza mwembamba, hunenepa, kisha hufifia, na hiyo ni kazi ya mgandamizo wa kalamu. Tableti ndogo ya kuchorea isiyo na skrini, iwe ya Wacom, Huion au XP-Pen, inatosha kabisa. Usikope hela kununua yenye skrini kabla hujajua kama kazi hii unaipenda.

Kama kibodi yako haina namba za pembeni, nenda Edit, Preferences, Input, uwashe Emulate Numpad. Sasa 1 inakuonyesha mhusika kwa mbele, 3 kwa ubavuni, 7 kwa juu. Mzungushe mara kwa mara. Anayechonga kwa mbele tu hupata mhusika bapa kama chapati.

Brashi za kutosha

Fungua File, New, Sculpting. Utapewa tufe lililo tayari kuchongwa. Brashi ni nyingi, lakini hizi ndizo zitakazobeba karibu kazi yote:

- Grab (G): inashika na kuvuta. Ndiyo brashi ya umbo kubwa.
- Clay Strips: inaongeza nyama kwa tabaka, kama udongo.
- Draw: inainua uso, ukishikilia Ctrl inachimba.
- Crease (Shift+C): inachimba mstari huku ikibana kingo zake.
- Inflate (I): inavimbisha kuelekea nje.
- Smooth (S), au shikilia Shift ukiwa na brashi yoyote: inalainisha.
- Mask (M): inafunika eneo lisiguswe.

F inabadilisha ukubwa wa brashi, Shift+F nguvu yake. Zoea hivi viwili mpaka mkono uvifanye bila kuulizwa.

Zoezi la kwanza ni kichwa. Usianze na macho. Tumia Grab kulivuta tufe liwe umbo la yai, vuta kidevu, bana mashavu, vuta shingo, yote kwa brashi kubwa na X symmetry ikiwa imewashwa ili pande zote mbili ziende pamoja. Ukivuta sana, ile miraba midogo inayounda umbo (ndiyo meshi) itatanuka na brashi itaanza kuacha makovu. Hapo bonyeza R, punguza au ongeza ukubwa wa gridi, kisha Ctrl+R. Hiyo ni Voxel Remesh: inaifuma upya meshi yote kwa miraba inayolingana. Rudia kila umbo linapotanuka. Sikio, pua na kope zije mwisho, baada ya kichwa kusimama vizuri kikiwa hakina chochote usoni.

Remesh au Multires?

Hapa ndipo watu hupotea. Voxel Remesh ni ya kutafutia umbo. Inataka kitu kilichofungwa pande zote, chenye ndani na nje. Ukiipa karatasi nyembamba ya tabaka moja, kama nguo iliyo wazi shingoni na miguuni, itakutolea vipande vilivyotoboka.

Modifaya (kibadilishi unachokiweka juu ya umbo) ya Multiresolution, kwa kifupi Multires, inafanya kinyume: haigusi mpangilio wa meshi, inaigawa tu. Kila ngazi inazidisha miraba mara 4. Kanzu yenye miraba 5,000 inakuwa 20,000 kwenye ngazi ya 1, 80,000 ya 2, 320,000 ya 3, na 1,280,000 ya 4. Uzuri wake ni kwamba unaweza kurudi ngazi ya chini, ukasogeza mkono mzima, ukapanda tena na mikunjo midogo ikawa bado ipo. Kwa hiyo mwili tunautafuta kwa Remesh, nguo tunaichonga kwa Multires.

Mwili wa kuvalisha

Kama lengo lako ni nguo, usitumie miezi kuchonga misuli itakayofunikwa. Kwenye tovuti ya Blender, ukurasa wa Demo Files, kuna mkusanyo wa Human Base Meshes wa bure: wanaume, wanawake, vichwa, mikono. Chukua mwili mmoja.

Hakikisha urefu wake ni wa binadamu, mita 1.7 hivi, kisha bonyeza Ctrl+A uchague Scale. Ukiiruka hatua hii, sehemu ya kanga itakuadhibu, maana fizikia ya Blender inahesabu kwa mita.

Amua mapema: hii ni picha ya kusimama, au ni mhusika atakayetembea? Wa picha mpe pozi kwanza, nguo baadaye, kwa sababu mikunjo yote inategemea mikono na miguu iko wapi. Wa kutembea mwache amesimama, mikono ikiwa imeshushwa nusu, na umchongee ile mikunjo ya kudumu tu: ya mshono wa bega, kwapani, na kwenye upindo. Ukimchongea mkunjo wa kiwiko kilichopindwa halafu anyooshe mkono, utaonekana kama kovu.

Kukata kanzu

1. Nakili mwili kwa Shift+D. Nakala ndiyo tutakayoikata, wa asili usiguswe. Kwenye nakala weka gridi ya Remesh mita 0.02 na ubonyeze Ctrl+R. Vidole vitagandana, hatuvihitaji.

2. Shika Mask (M) upake kuanzia shingoni, mabega, kifua, mgongo, mikono mpaka kifundo, na chini mpaka nyonga. Ishia hapo. Ukipaka na miguu utapata suruali, na hakuna brashi itakayoigeuza kanzu kwa urahisi.

3. Nenda menyu ya Mask, Mask Extract. Zima Extract as Solid. Tunataka tabaka moja. Unene utakuja mwisho.

4. Ingia Edit Mode (hali ya kuhariri nukta na kingo za meshi) kwenye kipande kilichotoka. Kwa Alt na kubofya, chagua ukingo wa chini wote. Bonyeza S, Z, 0 ili unyooke. Kisha E ili uuzalishe, Z, ushushe mpaka kwenye vifundo vya miguu. S kidogo kuupanua; upindo wa kanzu lazima uruhusu hatua ya kutembea.

5. Sehemu mpya ni miraba mirefu mno. Ctrl+R (ndani ya Edit Mode inaongeza pete, si Remesh), zungusha gurudumu la kipanya mpaka miraba ilingane na ile ya kifuani. Nyonga mpaka kifundo ni kama sentimita 80, kwa hiyo pete 40 hivi zinatosha.

6. Rudi Sculpt Mode. Kwa Grab kubwa, iachanishe nguo na mwili. Kanzu hugusa mwili mabegani, juu ya mgongo, kifuani kidogo, na tumboni kwa mwenye tumbo. Kwingine kote kuna hewa. Tumia Inflate polepole kwenye mikono, kisha shusha kwapa chini zaidi ya unavyodhani: kwapa la kanzu halibani.

Kabla ya mkunjo hata mmoja, mtazame kwa mbali akiwa mweusi tii, kivuli kitupu. Kama haonekani amevaa kanzu hapo, mikunjo haitamwokoa. Hatua hii ndiyo watu wanaikimbia, nami nadhani ndiyo yenye nusu ya kazi nzima.

Mikunjo

Ongeza Multires, panda ngazi ya 2. Zima X symmetry. Mikunjo iliyo sawa kulia na kushoto inatambulika papo hapo kuwa ni ya mashine.

Anza kwa kuuliza kitambaa kimeshikwa wapi. Kwenye kanzu jibu la kwanza ni mabega. Kutoka hapo kinashuka kwa uzito wake, na kinapokutana na kifua au mabapa ya mgongo kinajitenga na mwili na kushuka mirija mirefu mpaka chini. Mirija hiyo haiendi sambamba kama mabati. Miwili hukutana njiani na kuwa mmoja, mwingine hufifia kabla ya goti. Fanya mitatu au minne kwa mbele, acha nafasi tupu kati yake. Mahali patupu panahitajika kama mkunjo wenyewe.

Jibu la pili ni kwapa. Mkono ukining'inia, kitambaa cha ziada hurundikana hapo, na mistari hutoka kwapani ikielekea kifuani na mgongoni, mifupi, ikifunguka kadiri inavyokwenda mbali. La tatu ni kiwiko: mkono ukipindwa, upande wa ndani unabanwa na kukunjana kwa pembe, zigizaga, huku upande wa nje umevutika na uko laini. La nne ni upindo. Kanzu ikigusa juu ya viatu, mirija mirefu inakosa pa kwenda, inavunjika na kukaa juu ya mguu kwa mikunjo mifupi ya kulala. Kanzu ikiishia juu ya kifundo, hiyo haitokei, na usiiweke.

Kuchonga mkunjo mmoja kunakwenda hivi. Chora mgongo wake kwa Draw, brashi pana, kalamu ikianza kwa wepesi. Upande mmoja chimba bonde kwa Draw na Ctrl. Kisha pitisha Crease kwenye upande huohuo peke yake. Upande wa pili ulainishe kwa Shift mpaka uteleze kuingia kwenye kitambaa kilicho bapa. Mkunjo wenye makali pande zote mbili unafanana na mshipa wa damu. Mwisho, malizia ncha zake: pale unapoanzia uwe mkali, pale unapoishia upotee.

Panda ngazi ya 3 kwa mikunjo ya kati inayounganisha ile mikubwa, na ya 4 kwa mishono tu. Ukijikuta kwenye ngazi ya 4 unarekebisha mrija mkubwa, shuka. Kurekebisha umbo kubwa juu ya meshi nzito kunaacha mabonde madogo madogo ambayo mwanga utayaanika yote.

Pamba pia ina tabia yake. Kanzu iliyopigwa pasi vizuri ina mikunjo michache yenye kingo ngumu; ya kitambaa chepesi cha kung'aa ina mingi, laini, yenye mviringo. Chagua moja kabla hujaanza. Kama una kanzu nyumbani, ivae, simama dirishani ambapo mwanga unaingia kwa ubavu, ujipige picha pande nne.

Ipo brashi ya Cloth, iliyokuja na toleo la 2.83 mwaka 2020. Inajifanya kitambaa: unaburuta, mikunjo inazaliwa yenyewe. Ni nzuri kwa mkono wa nguo na kwapani, na mbaya kwa mtu asiyejua anataka nini, kwa sababu inatoa mikunjo inayofanana kila mahali. Itumie kwenye ngazi ya chini kupata pa kuanzia, kisha pitia kwa mkono.

Baada ya hapo weka modifaya ya Solidify yenye unene wa mita 0.002 au 0.003. Darizi ya shingoni usiichonge uzi kwa uzi. Inua kidogo ukanda wa shingo, acha nakshi iwe kazi ya teksicha, yaani picha inayobandikwa juu ya umbo. Macho yatasoma darizi, na kompyuta itakushukuru.

Kofia

Hii ni fupi. Silinda ya pembe 32, juu bapa, igawe pete tatu nne ubavuni. Kwa Grab, isukume kidogo mbele na nyuma ili ifuate kichwa, ambacho si duara kamili kikitazamwa kwa juu. Ibonyeze ukingo wa juu mahali pamoja au pawili, kwa sababu kofia ya mkono huwa na kabonde kadogo ka kushikwa. Vile vitundu vya kofia ya vito visikufanye utoboe meshi: ni teksicha tena. Acha kofia izame kama milimita mbili kwenye kichwa, isielee.

Kanga inataka njia nyingine

Kanga haikatwi wala haishonwi ifuate mwili. Ni mstatili, mita 1.5 kwa 1.1 hivi, na umbo lake lote linatokana na kufungwa. Kuichonga kutoka kwenye mwili ni kujitesa. Mwachie fizikia, kisha wewe umalizie.

Chukua mhusika wa kike, mita 1.65. Tutamfunga kanga kifuani, chini ya makwapa, kama mtu anayejifunga nyumbani. Kutoka hapo mita 1.1 inamfikisha chini ya magoti, karibu na vifundo.

Tengeneza Plane (bapa la tabaka moja), mita 1.5 kwa X na 1.1 kwa Y. Izungushe nyuzi 90 kwa X isimame wima, kisha Ctrl+A, All Transforms. Kwenye Edit Mode igawe ili kila mraba uwe sentimita 1: hiyo ni miraba 150 kwa 110, jumla 16,500. Laptop dhaifu ianze na sentimita 2.

Usiguse UV, yaani ramani ya jinsi picha inavyokaa juu ya umbo. Plane inazaliwa na UV iliyonyooka, na itabaki nayo hata ikikunjwa vipi. Ndiyo maana picha ya kanga utakayoiweka baadaye itakaa yenyewe: pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini juu ya pindo. Hakikisha tu jina halijageuka kichwa chini.

Sasa chora mstari wa Curve unaomzunguka kifuani mara moja na nusu, kama sentimita 2 nje ya ngozi, mzunguko wa pili ukiwa sentimita 2 nje ya ule wa kwanza. Ipe Plane modifaya ya Curve, mhimili X, vyanzo (Origin) vya vitu vyote viwili vikiwa mahali pamoja, kisha isogeze Plane kwa X ianzie mwanzo wa Curve, na kwa Z mpaka ukingo wake wa juu ukae kifuani. Kitambaa kitamzunguka. Kisha ifanye modifaya iwe umbo la kudumu: Apply.

Mwili upe Physics, Collision. Kanga ipe Cloth, preset (mpangilio ulioandaliwa tayari) ya Cotton: uzito (Vertex Mass) wake ni 0.3, ambapo Silk ni 0.15 na Denim ni 1. Panua Quality Steps kutoka 5 hadi 10. Washa Self Collisions ili kitambaa kisijipenye chenyewe, na umbali wake ushushe kutoka 0.015 hadi 0.005, la sivyo tabaka la juu litaelea sentimita nzima juu ya la chini. Ukingo wa juu uweke kwenye Vertex Group (kundi la nukta) na uichague kwenye Pin Group, yaani sehemu iliyoshikizwa. Bila hivyo kanga itaanguka miguuni.

Rudi fremu ya 1, bonyeza Space. Inapotulia, simamisha, Apply modifaya ya Cloth, ongeza Multires. Kisha kazi ya mkono: kwa Grab banisha ukingo wa juu kwenye ngozi, chonga pale ilipochomekwa, na kutoka hapo toa mikunjo inayosambaa kama miale kuelekea nyongani. Fizikia haiwezi kuchomeka kanga. Bila fundo hilo dogo la kifuani, mtazamaji wa pwani atajua mara moja kwamba ni taulo.

Vinavyokwama

Mwili unatokeza kwenye nguo: usipoteze saa ukisukuma. Sehemu isiyoonekana ifiche kwa modifaya ya Mask.

Kitambaa kinalipuka fremu ya kwanza: ama Scale hukuiapply, ama tabaka zilikuwa zinagusana tangu mwanzo.

Mhusika ni wa gemu: meshi ya miraba milioni haifai. Nakili kanzu, kwenye nakala tumia Remesh ya Quad kuishusha hadi elfu chache, kisha oka Normal (picha inayobeba mikunjo) kutoka ile nzito kwenda nyepesi kwa Cycles, injini ya Blender ya kutolea picha. Mikunjo midogo itabaki kama picha, mikubwa ibaki kwenye umbo.

Umeme umekatika: Blender hujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache, nenda File, Recover, Auto Save. Ila ukiwa ndani ya Sculpt Mode usiitegemee sana hiyo. Ctrl+S kila unapomaliza eneo, na jina jipya la faili kabla ya kila Apply.

Brashi haifanyi kitu kabisa: mara nyingi maski imebaki imepakwa mahali usipopaona. Alt+M inaifuta yote.